Usiku wa Bure wa Sufiani

Mume wangu Sufiani ana ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali inayoutibu. Hawezi kutumia kitu cha bure mpaka ahakikishe kimefika bei yake ya juu kabisa. Anauza dawa za mifugo, na mwezi mzima yuko njiani, Dodoma, Iringa, Mbeya, kampuni ikimlipia malazi. Wenzake wanalala popote penye kitanda na maji. Yeye analala Hoteli ya Kilele tu, kila mji wenye tawi lao, kwa sababu Kilele wana kadi, na ukilala kwao mara za kutosha wanakuzawadia usiku mmoja wa bure, chumba chochote unachotaka, tawi lolote unalotaka. Usiku huo aliupata, kisha akaukalia.

Ungemsikia anavyouzungumzia ungedhani ni shamba la urithi. "Mwanvita, ukiutumia Iringa siku ya Jumatatu umejiibia mwenyewe. Jumatatu chumba ni rahisi. Unasubiri siku bei imepanda mpaka watu wanashika vichwa, hapo ndipo unatoa kadi." Usiku wake wa kwanza aliuwekea Idi, twende tawi la Unguja, chumba kinachotazama bahari. Idi ikafika, vyumba vya Unguja vikawa vimejaa, mwezi ukaisha na usiku ukafa. Mimi nililia kwa hasira. Yeye alinuna wiki nzima, halafu akaanza kukusanya upya kama hakuna kilichotokea. Huu wa pili nao ulikuwa ufe mwisho wa Novemba, na bado alikuwa anaupepea tu kama mkaa.

Sasa niwaambie habari ya jicho, maana huko ndiko roho yangu ilikuwa.

Mama yangu, Bi Mosi, anaishi Kinole, juu milimani. Analima mananasi, pilipili manga na mdalasini, na kwa miaka yake hakuna kijana wa kumtangulia kwenye mteremko. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Lilianza kwa mtoto wa jicho, akaambiwa ashuke mjini, akasema atashuka kesho, mvua zikanyesha, kesho ikawa mwezi, na mtoto wa jicho akaleta presha ya macho. Alipofika kwa daktari hapakuwa na la kufanya. Mwaka huu la kulia likaanza vilevile. Bahati wakaja madaktari wa macho kutoka nje ya mkoa, wakakaa wiki moja mjini Morogoro kupasua watu bila malipo. Mama alipimwa Jumanne, akapangiwa Ijumaa, siku yao ya mwisho ya kupasua. Muuguzi alimkazia: "Mama, Ijumaa alfajiri uwe hapa, umeoga, umelala vizuri, umetia matone ya dawa usiku. Ukikosa, sisi hatujui tutarudi lini, na jicho hili halisubiri."

Kwa hiyo alitakiwa alale mjini Alhamisi. Ni usiku mmoja tu, lakini kwetu usiku mmoja una mambo yake.

Kwetu mama wa mke halali nyumbani kwa mkwewe. Si chuki, ni heshima. Hata mwenye nyumba akiwa safarini, nyumba ni yake, kitanda ni chake, na mama mkwe hajinyooshi chini ya paa lile. Sufiani naye haongei na mama uso kwa uso. Wakikutana anachuchumaa pembeni, anatoa shikamoo akitazama chini, na mengine yote yanapitia kwangu, hata kama wako karibu kiasi cha kupeana chumvi. Zamani mama akishuka mjini alilala kwa mdogo wake, mama mdogo Chausiku, lakini Chausiku alihamia Ifakara kwa mwanawe. Wodi ya macho ilijaa mpaka varandani. Na wiki hiyo ilikuwa ya mahafali. Mimi ni fundi cherehani, nilikuwa nimeshona magauni ya wahitimu mpaka vidole vinaniuma, kwa hiyo najua ninachosema: mji mzima ulikuwa umejaa wazazi wa wahitimu. Majirani zangu walikuwa wamelaza wageni sebuleni na jikoni. Gesti zote zimejaa, na hata zingekuwa tupu, mama yangu hawezi kuonekana anatoka gesti asubuhi.

Lakini hoteli kubwa yenye mapokezi, ambayo akina mama wa msikitini walishawahi kulala kwenye semina, hiyo alisema anaweza kuifikiria.

Nilijua mume wangu nitampatia wapi. Sikumwambia habari ya huruma. Nilifungua simu, nikatafuta Kilele ya hapa Morogoro, Alhamisi ya mahafali, nikaiweka mezani mbele ya sahani yake nikaenda kuosha vyombo.

"Mwanvita!" nikasikia. "Hii bei wamekosea?"

"Hawajakosea. Ni mahafali."

"Hii inapita Unguja ya Idi!"

"Ndiyo hivyo."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Nilimwona anavyohangaika, mtu aliyesubiri samaki miaka mingi kisha samaki akaja na kuruka mwenyewe ndani ya ndoo. Akasoma masharti yote kwa sauti. Mwenye kadi lazima aje mwenyewe, asaini, na alale ndani ya eneo la hoteli. Chumbani wasizidi watu wawili. Usiku wa zawadi hauuzwi kwa fedha wala haubadilishwi na bidhaa au huduma, kwa sababu mwaka uliopita watu waliuza usiku wao wa zawadi kwa wazazi wa wahitimu na hoteli ikapata hasara.

"Basi mimi nitasaini, nitalala kwenye gari la kazi, humohumo ndani ya uzio," akasema. "Chumbani mtalala wewe na mama. Mama yako atalala kwenye chumba ambacho mkurugenzi akikilipia anaumwa kichwa." Macho yalikuwa yanamng'aa, na namshukuru Mungu kwamba alikubali, ila nilijua anachofurahia ni nini. Akabonyeza simu yake. Sikuuliza amechagua chumba gani.

Alhamisi mama alishuka na Noah ya Yunusi, dereva wa siku zote wa njia ya Kinole. Alikuwa amevaa kanga mpya, na kapu lake lilijaa mananasi, pilipili manga iliyofungwa kwenye kitambaa na magome ya mdalasini. Hajawahi kuja kwangu mikono mitupu. Nyuma yake, milimani, mawingu yalikuwa yameshashuka mpaka huoni tena kilele cha Bondwa. Nikamshika mkono tukaenda hotelini. Alitembea akiinua mguu juu kidogo kila hatua, kama watu wasioamini ardhi. Moyo uliniuma, maana mwaka juzi huyu alikuwa ananipita mlimani na kapu kichwani.

Mlangoni alivua ndala.

"Shikamoo mama, vaa tu viatu," akasema dada wa mapokezi. Kwenye kifua chake kulikuwa na kibao kilichoandikwa Jesca.

"Marahaba mwanangu. Pamepigwa deki hapa, siwezi."

Sufiani alikuwa ameshafika. Alisimama karibu na chungu kikubwa cha maua, ametupa mgongo, akamsalimia mama akiyatazama maua. Mama akaitikia akitazama ukuta. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Kisha Jesca akatazama kompyuta yake, uso ukachanua.

"Bwana Sufiani! Hongera sana. Chumba chako cha maharusi kiko tayari, tumekipamba maua kitandani. Bibi harusi ndiye yupi?"

Nilitamani ile sakafu iliyopigwa deki ifunguke. Sufiani aligeuka nusu, akayarudia maua yake. Kilikuwa ndicho chumba cha bei kubwa kuliko vyote! Mwanamume huyu alipoambiwa achague chumba chochote, aliangalia bei tu, akachukua iliyo juu kabisa, wala hakusoma kimeandikwa nini.

"Mwanvita," mama akasema polepole. "Chumba cha nani?"

"Cha hoteli, mama."

"Nimemsikia mwenzio. Amesema chumba chake. Cha harusi."

"Mama, ni jina tu la chumba."

"Na mimi nikalale humo, kwenye kitanda cha maua cha mume wa mwanangu."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kuanzia. Aliinama akapapasa ndala zake, akazivaa, akajitwika kapu na kutoka. Nikabaki katikati, sijui nimfuate yeye au nimrukie mume wangu. Jesca, maskini, alikuwa ameshika mdomo.

"Dada, samahani sana, sikujua," akaniambia. "Lakini naomba muwahi. Nina watu wanagombea vyumba hapa. Ikifika saa kumi na mbili mwenye kadi hajasaini, chumba kinatolewa, na usiku unahesabika umetumika."

"Chagua kingine!" nikamfokea Sufiani, na watu wote pale mapokezi wakageuka. "Chagua chenye vitanda viwili, hata kama ni cha bei ya mchicha! Yule anarudi mlimani!" Nikakimbia.

Nilimkuta kituo cha magari ya milimani, ameshaingia kwenye Noah ya Yunusi, kiti cha nyuma dirishani, kapu mapajani. Namna alivyovuka barabara zile na jicho lile sitaki hata kuifikiria. Gari lilikuwa la mwisho kwa siku hiyo na lilibakiza abiria wachache tu kujaa. Matone makubwa yalianza kugonga bati za vibanda.

"Shangazi, mshushe mama yako kama mna safari nyingine," Yunusi akaniambia kwa sauti ya chini. "Huko juu inanyesha tangu adhuhuri. Leo nitapanda kwa kubahatisha. Kesho kushuka, mimi siahidi mtu."

Nikasimama dirishani. "Mama, umemsikia Yunusi? Kesho hakuna gari la kushuka."

"Nitashuka kwa miguu."

"Ufike hospitali alfajiri, kwa miguu, kwenye matope, huoni?"

"Nimeshashuka mlima huo kabla hujazaliwa."

Hapo nikaishiwa. Nilipandisha sauti kwa mama yangu mzazi mbele ya abiria, jambo ambalo sijawahi kulifanya na wala sikujali. "Lile la kushoto ulisema hivihivi! Ulisema kesho! Kesho yako ikakupofua, na mimi ndiye niliyekushika mkono siku daktari anakwambia limekwisha. Hili likienda mama, basi. Hutaona nanasi, hutaona njia, hutamwona mjukuu. Utakaa kwenye mkeka usubiri watu wakupe maji. Ndicho unachotaka?"

Mama alikuwa anasugua ukingo wa kapu kwa kidole gumba.

"Sitaki," akasema, akanivunja moyo palepale. "Usidhani sitaki kuona, Mwanvita. Naogopa giza kuliko wewe. Lakini nikilala kwa mkwe wangu, kesho nitafunguliwa jicho nimwone nani? Nitawaona wanawake wenzangu wa Kinole wanavyonitazama. Bora nisiwaone."

Ningesema nini? Nimelelewa humohumo.

Mara nikasikia mtu anahema. Sufiani alikuwa amekuja mbio, shati limemganda mgongoni, na amesimama nyuma kabisa ya gari, kwenye buti, mahali ambapo mama hawezi kumwona hata angegeuka.

"Mwambie mama," akasema kwa nguvu, "chumba cha maharusi nimekikataa. Nimechukua cha kawaida, vitanda viwili, hakina maua." Nawaambia kweli, alipotamka cha kawaida sauti yake ilikwaruza. Lakini alitamka.

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nashukuru. Mwambie chumba bado ni chake. Kimetoka kwenye kadi yake."

"Mwambie nimempa, kiwe chake."

"Mwambie sipewi pa kulala na mkwe. Nikipewa, nimelala kwake."

Abiria wawili wakaingia na matenga yao. Kikabaki kiti kimoja. Yunusi alipanda akawasha injini, akanitazama kwenye kioo, na nikaona hataki kuondoka lakini mvua inamkimbiza. Mwanamke mmoja mnene alikuwa anakuja na mwavuli, anapunga mkono asiachwe. Kiti cha mwisho kilikuwa chake, na akikaa tu gari linaondoka. Nilishika ukingo wa dirisha kama ningeweza kulizuia gari kwa mikono.

Mama akainua kichwa.

"Mwanvita. Mwambie, anauza?"

"Nini, mama?"

"Huo usiku. Nikikinunua chumba ni changu. Nitalala kwangu. Mwambie, anauza?"

Nilimtazama Sufiani. Alikuwa amepauka. "Mwambie hoteli wamekataza," akasema. "Wakijua nimeuza wanafuta, chumba wanapewa wengine, na sote tunatolewa nje."

"Mwambie sikuiuliza hoteli. Nimemuuliza yeye."

Mwanamke mwenye mwavuli alifika, akakunja mwavuli, akaweka mguu mlangoni. Mimi namjua mume wangu. Huyu ni mtu wa kubishania bei ya kiberiti. Miaka alikuwa anausubiria usiku ule ufike bei ya juu kuliko zote, na siku hiyo ndiyo ilikuwa imefika, na sasa hata kile chumba kikubwa alikuwa ameshakiachia.

"Mwambie nauza," akasema.

"Bei?"

"Kapu," akasema Sufiani. "Kama lilivyo."

Mama aliyapapasa mananasi, akatoa moja. "Mwambie hili la dereva, tumemchelewesha. Lililobaki tumekubaliana." Akampa Yunusi nanasi lake, akanipa mimi kapu nilipitishe dirishani, nikampelekea Sufiani kule nyuma. Alilipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Kisha mama akashuka, na mwanamke mwenye mwavuli akapata viti viwili badala ya kimoja.

Tulirudi hotelini tumelowa, mimi na mama mbele, Sufiani nyuma na kapu. Saa ya ukutani pale mapokezi sikutaka hata kuitazama. Watu walikuwa wamesimama na mabegi yao wanabembeleza vyumba, na mzee mmoja wa tai alikuwa anamwambia Jesca kwamba atalipa mara mbili. Jesca alipotuona alipumua, akatutolea daftari. Sufiani akasaini, akarudi kwenye chungu chake cha maua. Nikanyoosha mkono nichukue ufunguo.

Jesca hakuuachia.

"Samahani dada, kuna swali moja, nalazimika kumuuliza kila anayelala kwenye zawadi ya mtu mwingine. Yule mwenzangu aliyekuwa hapa mwaka jana alifukuzwa kwa kutouliza." Akamgeukia mama. "Mama yangu, chumba hiki, kuna chochote umemlipa huyu bwana?"

Nikatazama lile kapu mikononi mwa Sufiani, linadondosha maji sakafuni. Jesca naye alikuwa analitazama. Na mama yangu hasemi uongo. Hasemi hata ule uongo mdogo wa kumnyamazisha mtoto. Nilimfinya mkono. Akautoa mkono wake taratibu, akajiweka kanga sawa kichwani.

"Nimelipa," akasema.

Yule mzee wa tai akasogea karibu. Jesca akaurudisha ufunguo nyuma ya kaunta, uso umemwanguka. Alionekana ni mtu aliyekuwa anaomba ajibiwe vingine.

"Umelipa nini, mama?"

"Huyu." Mama alinigusa bega. "Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha, nikambeba mgongoni mlima wote ule, nikamsomesha ushoni kwa pilipili manga. Halafu nikampa yeye. Sasa wewe ukiniuliza nimemlipa nini kijana yule, nitakwambia nimemlipa. Nimelipa mpaka sina kingine. Hilo kapu ni nyongeza tu, kama sokoni."

Mimi nilikasirika, kwamba kumbe mimi ni malipo, na sekunde ileile nikaanza kulia, kwa sababu sijawahi kumsikia mama akisema hivyo maisha yangu yote. Alinitoa nyumbani kwa vigelegele na macho makavu. Nilidhani hakuona shida.

Jesca aliinamisha macho kwenye karatasi ya masharti aliyobandikiwa mezani. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Sikujua anatafuta cha kutufukuza au cha kutuokoa.

"Wameandika fedha," akasema mwishowe. "Wameandika bidhaa, na huduma. Mtoto hawakumwandika." Akalitazama tena lile kapu. "Na nyongeza siioni, mimi niko kazini." Akaweka ufunguo kwenye kiganja cha mama, akakifumba kwa mikono yake miwili. "Karibu chumbani kwako, mama."

Mzee wa tai alianza kulalamika. Jesca akamwambia asubiri zamu yake.

Tulipokwisha kupanda ngazi mama akasimama. "Muulize gari lake liko wapi." Nikachungulia dirishani. Sufiani alikuwa ameliegesha vizuri kabisa kwenye kibanda cha magari, akaegemeza mgongo kwenye kiti. Nikamwambia mama. "Bati la kibanda hicho limeshikana na nyumba hii?" akauliza. Lilikuwa limeshikana. Basi nikamteremkia mume wangu kumwambia alitoe nje, mvuani, paa lisiwe moja. Kioo cha upande wa dereva hakipandi mpaka juu, sote tunajua. Nilisubiri aanze kulalamika. Aliwasha tu, akalirudisha nyuma mpaka kwenye uwazi karibu na geti, akafunga kile kitambaa cha pilipili manga kwenye ile nafasi ya kioo.

Mama alitia matone yake, akaswali, akalala kama mtu aliyetoka shambani. Alfajiri tulikuwa wa kwanza getini hospitali.

Jumamosi walimfungua bandeji. Daktari alimwonyesha vidole, akavitaja vyote, akamtajia na rangi ya soksi zake. Nikamtoa nje kwa mkono, na safari hii yeye ndiye aliyenionya ngazi. Sufiani alikuwa mwisho wa korido na mfuko wa nguo zetu. Alipotuona alichuchumaa ukutani kama kawaida yake, ametazama chini. Alikuwa bado na shati la Alhamisi, limekaukia mwilini, upande mmoja una doa la maji ya mananasi.

Miaka yote hii mama hajawahi kumtazama. Kwanza heshima ilimzuia, kisha ukungu. Sasa alisimama katikati ya korido ile, watu wanapita, akamtazama muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Nikaona anatazama mvi zake, na viatu, na lile doa.

"Mwambie nimemwona," akasema.

Nikageuka nimwambie. Sufiani alikuwa ameshasikia, amefunika uso kwa mkono wa shati.